Nyuma ya Nyumba, Chini ya Michikichi: Siku za Mvua Maniema

Jumapili, Kindu

Ndege kutoka Kinshasa imetua mchana, uwanja ukiwa bado unafuka mvuke wa mvua iliyotangulia. Ni Novemba 2024. Kindu imekaa kando ya Lualaba, ndilo jina la mto Kongo huku juu kabla haujafika Kisangani, na jioni ukisimama gatini unaona mitumbwi ikivusha watu, mbuzi na magunia kwenda Alunguli, ng'ambo ya pili. Mkalimani sijamhitaji. Kiswahili kilifika Maniema karne ya 19 na misafara ya pembe na watumwa iliyopita Nyangwe na Kasongo. Historia ile ni ya damu, lakini lugha ilibaki na wenyeji wakaifanya yao. Wananiita Mama Docta. Nimeeleza kwamba mimi si mganga wa watu, ni mtafiti wa panya kutoka Morogoro. Wanaitikia kwa heshima, kisha wanaendelea kuniita Mama Docta.

Kwetu Morogoro panya ni kazi na ni elimu. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine kuna watu waliomaliza ujana wao wakimfuatilia panya shamba, *Mastomys natalensis*, jinsi anavyozaliana baada ya mvua na kumaliza mahindi ya mkulima. Palepale shirika la APOPO linawafundisha panya buku kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na kifua kikuu kwenye makohozi. Na mwaka 2009 wanasayansi walitangaza kirusi kipya kutoka kwa panya shamba wetu, wakakiita kwa jina la mji: kirusi cha Morogoro. Ni ndugu wa karibu wa kirusi cha Lassa kinachoua watu kila mwaka Afrika Magharibi, na anayekibeba ni panya yuleyule mmoja. Hiki cha kwetu hakijajulikana kumwuguza mtu. Panya yuleyule, virusi ndugu, huku vifo na kule hakuna. Jambo hilo limenikaa kichwani miaka mingi, na ndilo lililonifanya nianze kuuliza mtu hukutana vipi hasa na damu, mkojo na mate ya panya. Anakutana navyo mahali gani, saa ngapi, na kwa mkono wa nani?

Maswali hayo ndiyo yaliyonileta huku msituni pamoja na wenzangu Wakongo.

Jumatatu, Kindu

Siku ya vibali. Ofisi ya mkoa, ofisi ya afya, mihuri, picha ndogo za paspoti. Sitaieleza zaidi.

Nilichofaidi ni mazungumzo na daktari mmoja wa wilaya ya afya wakati tunasubiri sahihi. Alianza na kisa ambacho kila mfanyakazi wa afya wa nchi hii anakijua. Mwaka 1970, Zaire ilipokuwa inasaka mabaki ya mwisho ya ndui, mtoto wa miezi 9 alifikishwa hospitali ya Basankusu, Ekweta, mwili umejaa vipele. Ilidhaniwa ndui imerudi. Vipimo vikaonyesha kirusi kingine, kile kilichoonekana mwaka 1958 kwa nyani wa maabara Copenhagen. Huyo ndiye binadamu wa kwanza kuthibitishwa kuwa na ugonjwa ambao leo dunia inauita mpox. Katika nyumba yao ndiye peke yake aliyekuwa hajachanjwa ndui.

Tangu mwanzo nyani amebebeshwa lawama, na watu wengi wa Afrika Mashariki bado wanasema homa ya nyani. Lakini nyani huugua na kufa kama sisi. Ushahidi wa nani anakitunza kirusi msituni unaelekea kwa wanyama wagugunaji: kindi, panya buku, panya wa miti. Mwaka 1985 kirusi kilipatikana kwa kindi mgonjwa wa jamii ya *Funisciurus anerythrus*, kaskazini mwa nchi hii. Huyo ni kindi mdogo wa rangi ya majani makavu, mwenye mstari mweupe hafifu ubavuni. Ilipita miaka mingi, hadi 2012, ndipo kikapatikana tena kwa mnyama wa porini, safari hiyo mtoto wa nyani aliyekutwa amekufa katika msitu wa Taï, Ivory Coast.

Daktari akanionyesha begani. "Mimi nina hii. Watoto wangu hawana." Alikuwa na kovu pana la chanjo ya ndui, lenye mikunjo kama kitambaa kilichofinywa. Chanjo hiyo ilikinga mpox kwa kiasi cha asilimia 85, na hapa ilisimamishwa mwaka 1980, ndui ilipotangazwa imetokomezwa duniani. Kati ya 1981 na 1986 Shirika la Afya Duniani lilihesabu wagonjwa 338 nchini. Wachunguzi waliporudi Sankuru, jirani na Maniema, kati ya 2005 na 2007, walithibitisha wagonjwa 760 katika eneo lile pekee, na walikadiria kuwa ugonjwa umeongezeka mara 20 tangu miaka ya 80. Mnyama hakubadilika. Sisi ndio tulioacha kuwakinga watoto, na hatukuweka kitu kingine mahali pa chanjo ile.

Jumanne, barabara ya Kibombo

Reli ya zamani inashuka kusini kutoka Kindu kupita Kibombo, lakini treni haina siku. Tumekwenda kwa pikipiki, mizigo imefungwa kwa mipira nyuma. Tope jekundu, madaraja ya magogo, na kila baada ya mwendo mtu anasukuma baiskeli iliyobeba madumu ya mawese au magunia ya mchele. Maniema ni nchi ya mchele. Mashamba yamekatwa ndani ya msitu, na wakati huu mpunga umesimama kijani, bado wiki nyingi kabla ya kuvunwa. Maana yake ghala ni tupu. Hii ndiyo miezi ya kubana matumbo.

Kando ya njia, watoto wanauza nyama. Juu ya vijiti viwili vilivyochomekwa ardhini wananing'iniza walichonacho: panya buku waliobabuliwa manyoya na kukaushwa kwa moshi hadi wakawa weusi, simbiliki aliyepasuliwa katikati (kwetu tunamwita ndezi), na kindi waliofungwa miguu kwa kamba ya mti, wengine bado wabichi, damu haijaganda puani. Nilisimamisha pikipiki kwa mvulana wa miaka tisa au kumi. Kindi wake walikuwa wamening'inia kiunoni mwake, matumbo yao wazi yakigusa ngozi yake. Kwenye goti alikuwa na kidonda kibichi cha mwiba.

Niliuliza nani amewapasua. "Mimi," akasema, kwa fahari ya haki kabisa, maana alikuwa analisha wadogo zake.

Jumatano, kijijini

Jina la kijiji silitaji. Tumewaahidi hivyo, na wana sababu: ugonjwa wa vipele huleta aibu, na mnunuzi wa mchele akisikia habari hupita bila kusimama.

Chifu ametupokea barazani, wazee kwa vijana, wanawake wamekaa upande wao na watoto mgongoni. Tumeeleza kazi: kutega panya msituni, vichakani na ndani ya nyumba, kuchukua damu yao na kuwapangusa kinywa kwa pamba, kwa watu wanaokubali, tone la damu ya kidoleni kwenye karatasi, na maswali. Mwenzangu kutoka Kisangani alisema waziwazi kwamba kukataa hakuna adhabu. Kimya kidogo. Kisha akasimama mama mmoja, mtu mzima, kitambaa cha buluu kichwani.

"Docta, mwaka jana walikuja wengine na gari. Wakasema, musile panya, musile kindi, musile nyama ya pori. Wakabandika karatasi, wakaenda. Sisi tunakulaka panya tangu babu. Ng'ombe hatuna. Kuku mmoja ni karo ya mtoto. Unatukataza panya, utatupa nini?"

Watu waliitikia kwa sauti moja. Nilimjibu kwamba sikuja kukataza. Kwetu kusini mwa Tanzania, Mtwara na Lindi, panya huchomwa na kuliwa, na mtu hahitaji kumwomba msamaha mtafiti yeyote kwa kitoweo cha nyumbani kwake. Nilisema nimekuja kujifunza wanavyomshika, tangu mtegoni hadi chunguni, ili tuone pamoja hatari iko hatua gani. Mama yule alikaa, akanitazama muda mrefu. Jioni akanitumia ujumbe kupitia mtoto: nije jikoni kwake Ijumaa.

Karatasi ile ya katazo nimeiona. Bado imebandikwa kwenye ukuta wa kituo cha afya, imefifia kwa jua. Picha ya panya, msalaba mwekundu juu yake. Kwa mtu mwenye njaa, picha ile ni tusi, na kwa kinga haisaidii kitu: aliyemchuna panya yule tayari amemgusa, na aliyemla baada ya kuchemka saa nzima kwenye mawese hayuko hatarini. Virusi hivi havivumilii moto.

Kabla ya giza tulitandaza mitego. Mstari mmoja msituni ndani, chini ya miti mirefu. Mmoja kwenye mashamba yaliyoachwa, nyuma ya nyumba, penye michikichi na vichaka. Mingine ndani ya nyumba, karibu na magunia. Chambo ni karanga zilizosagwa na ndizi mbivu.

Alhamisi

Saa kumi na mbili asubuhi, umande mpaka kiunoni. Glavu mbili, barakoa, miwani. Wavulana wa kijiji wanatufuata kwa mbali, kama tulivyowaomba.

Msitu wa ndani umetoa wachache: *Praomys* mwenye mkia mrefu, na *Malacomys* wa vijito, mwenye miguu ya nyuma mirefu kama ya chura. Vichakani ndiko kulikojaa. *Lophuromys* mwenye manyoya magumu, ambaye ngozi yake hupasuka ukimshika kwa nguvu, mbinu yake ya kumponyoka mwewe. *Lemniscomys* wa mistari. Majumbani, panya wa nyumba aliyeletwa na boti na mabehewa, na panya shamba wangu wa Morogoro. Huyu msitu mnene haumfai. Yeye hufuata shamba na ghala, na pale mtu anapofyeka, humkuta.

Kindi hakuingia hata mmoja. Huyu haishi chini; yuko katikati ya miti, na mtego wa sanduku ardhini haumhusu. Wavulana waliliona hilo kabla yetu. Mmoja alinyoosha kidole juu ya mchikichi nyuma ya nyumba ya chifu, na kweli, alikuwa pale anakula chikichi, mkia umesimama, hana habari na sisi. Wao humpata kwa manati, kwa kitanzi cha waya juu ya tawi, au kwa ulimbo.

Nataka nikae hapa kidogo, maana ndipo picha ya watu wengi inapokosea. Tunapowaza ugonjwa wa msituni tunawaza mwindaji wa mbali, siku nyingi ndani ya kiza cha miti, anakutana na mnyama wa ajabu. Timu zilizofanya kazi Kongo miaka ya 80 ziligundua kinyume. Zilipopima kindi wa jamii ya *Funisciurus anerythrus*, karibu robo walikuwa na kinga mwilini, alama ya kwamba walishakutana na kirusi. Na kindi hao wamejaa kuliko popote kwenye ukanda wa mashamba yaliyoachwa, vichaka na michikichi unaozunguka vijiji. Mtu anafyeka, analima mpunga na muhogo, udongo unachoka, anaacha, michikichi inabaki, kindi wanahamia. Ukanda huo uko hatua chache kutoka mlangoni, na si wanaume wenye bunduki wanaouhodhi. Ni wa watoto. Ndiko wanakochunga, wanakookota kuni, wanakotega. Wagonjwa wengi wa mpox katika vijiji vya namna hii ni watoto wa chini ya miaka 15, na baada ya kuona njia zao za mchana kutwa sioni ajabu tena.

Niliwauliza wavulana kama huwa wanamkuta kindi mlegevu, asiyekimbia. Wakacheka: huyo ndiye bahati, unamwokota tu kwa mkono.

Sikuwakemea. Lakini niliandika sentensi hiyo kwa herufi kubwa.

Ijumaa, jikoni

Banda la jiko la mama wa kitambaa cha buluu lina mafiga matatu, uchaga wa kukaushia nyama juu yake, na kigoda kimoja ambacho hakuniruhusu nikikatae. Mwanawe wa kiume alileta panya buku mmoja aliyenaswa usiku. Huyu wa msituni, *Cricetomys emini*, ni ndugu wa wale wa APOPO, na nikiri kwamba moyo ulinigusa; kule Morogoro ana jina, ana kizimba, anapewa ndizi akinusa vizuri. Hapa ana kilo moja na zaidi ya nyama ambayo watu saba watagawana.

Nilikaa na daftari. Mama hakushika kisu. Alimwita bintiye wa miaka kumi na mbili.

Msichana alimbabua kwanza juu ya moto, akigeuza kwa mkia, akikwangua manyoya kwa kisu. Kisha akamlaza juu ya jani pana, lile wanalofungia chikwanga, mkate wa muhogo, akampasua kuanzia kifuani. Damu ilimfika kwenye viganja. Alitoa utumbo kwa vidole, akaufinya, akatenga ini. Mdogo wake wa miaka mitatu alikuwa amechuchumaa pembeni na kupewa mkia achezee. Nzi wakatua. Msichana akajifuta paji la uso kwa kiganja cha damu, kwa sababu moshi ulimwingia machoni. Kisu kilipita kwenye kitambaa, kikaenda moja kwa moja kukata sombe, kwetu kisamvu. Maji yalikuwepo, kwenye dumu, lakini yalitoka kijitoni mwendo wa nusu saa, na ni yeye huyuhuyu aliyeyabeba kichwani asubuhi. Sabuni haikuwepo. Vidoleni alikuwa na mikwaruzo ya kuchuma muhogo.

Nilitazama hatua zote hizo nikafikiria maswali ya fomu yetu. "Je, unawinda?" Msichana huyu atajibu hapana. "Je, umekula nyama ya pori?" Atajibu ndiyo, kama kila mtu kijijini, na jibu hilo halitamtenganisha na yeyote. Fomu itamwandika kuwa hana hatari ya pekee, naye ndiye mikono yake imezama kwenye damu mbichi karibu kila jioni. Na mama yake alipokuwa msichana alifanya vivyo hivyo. Kisha kazi ikashuka kwa mtoto, kama zinavyoshuka kazi zote za jikoni.

Mama aliniona nimenyamaza. Akauliza nimeona nini.

Nikamweleza, bila maneno makubwa. Kwamba moto wa chungu unamaliza kazi, lakini kabla ya chungu kila kitu ki hai. Kwamba kirusi huingia penye mkwaruzo, machoni, kinywani. Kwamba mtoto wa mkia yuko karibu mno. Alinisikiliza, akamnyang'anya mdogo ule mkia na kuutupia motoni. Halafu akauliza swali bora kuliko yote niliyoulizwa safari hii: "Sasa kama sabuni hakuna, nifanye nini leo?"

Tukaanza kuhesabu vilivyopo. Majivu yapo, yakisuguliwa na maji hunawisha mikono vizuri kuliko maji matupu. Majani mapana yapo, yanaweza kushikia mnyama badala ya vidole, kisha yakachomwa. Kisu cha kuchunia kinaweza kutengwa au kupitishwa kwenye moto kabla ya mboga. Mwenye kidonda mkononi apumzishwe, achune mwingine siku hiyo. Watoto wadogo wakae nje hadi nyama iwe chunguni. Hakuna hata moja linalotaka gari wala bango.

Nilipoaga, msichana aliniuliza kama ni kweli kwetu panya wanafanya kazi. Nikamsimulia habari za Magawa, panya buku aliyezaliwa Morogoro, akanusa mabomu Kambodia na kupewa nishani ya dhahabu mwaka 2020. Alitaka kujua alipewa nini cha kula.

Jumamosi, kituo cha afya

Alfajiri ameletwa mtoto wa miaka sita. Homa, tezi zimevimba shingoni, vipele viganjani na kwenye nyayo. Muuguzi mkuu, ambaye hapa wote wanamwita IT, alimshika kidevu taratibu akaniambia tezi hizo ndizo zinazomfanya asidhani ni tetekuwanga. Alipangusa vipele, akaweka sampuli kwenye boksi la baridi. Jibu la uhakika litatoka kwenye maabara; yeye hakungoja, akamtenga mtoto na mama yake kwenye chumba cha pembeni.

Alikuwa na paracetamol, dawa ya malaria, dawa ya kusafishia vidonda, na vyandarua viwili. Nilisikia mtu wa msafara wetu akinong'ona kwamba bila dawa ya virusi haya yote ni bure. Si kweli, na ushahidi wake umetoka Maniema hapahapa. Tangu Oktoba 2022 INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba ya Kinshasa, na wenzao wa Marekani walijaribu dawa iitwayo tekovirimati kwenye hospitali mbili za vijijini, Tunda katika mkoa huu na Kole ya Sankuru. Wagonjwa 597 walishiriki. Agosti 2024 wakatangaza matokeo: dawa haikufupisha siku za vipele. Lakini katika jaribio lile, waliopewa dawa na wasiopewa kwa pamoja, waliokufa walikuwa asilimia 1.7, wakati kwa wagonjwa wa nchi nzima ilikuwa asilimia 3.6 au zaidi. Kilichowatenganisha na wengine ni kitanda, chakula, muuguzi anayepita, malaria na vidonda vilivyotibiwa mapema. Kwa hiyo IT huyu na chumba chake cha pembeni wana nguvu kubwa, wakipewa uji na maji.

Chanjo ndiyo iliyotawala mazungumzo ya mchana. Septemba 5 shehena ya kwanza ilitua Kinshasa, wiki chache baada ya Shirika la Afya Duniani kutangaza dharura Agosti 14. Uchanjaji ukaanza Goma Oktoba 5. Iliyofika ilikuwa ya watu wazima. Naelewa haraka ile: kule mashariki, tangu Kamituga mwaka 2023, tawi jipya la kirusi linapita mtu kwa mtu bila kumhitaji mnyama, na limevuka mipaka hadi Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya. Lazima lizimwe. Lakini huku ugonjwa umekuwepo miaka 54, unaruka kutoka kwa mnyama kwenda kwa mtoto, unazimika, unaruka tena mahali pengine, na kila mara mwathirika wa kwanza ni mwenye umri usiotajwa kwenye karatasi ya dawa. Reko mmoja, wale wahudumu wa afya wa kujitolea wanaozunguka nyumba hadi nyumba bila mshahara, alisema: "Ugonjwa ulianzia kwetu, chanjo itaishia kwetu." Sikuwa na la kumjibu, ila hasira ile ninayo pia.

Jioni mtoto alikunywa uji.

Jumapili

Ibada asubuhi, mvua mchana. Nimepanga karatasi za damu. Kwa mpox tutaweza kuyasoma vizuri majibu ya waliozaliwa baada ya 1980 tu, kwa sababu kinga iliyoachwa na chanjo ya ndui inafanana mno na ile ya mpox, nayo hudumu miongo. Mzee akionyesha kinga, huwezi kujua kama ni sindano ya serikali au ni kindi. Kijana akionyesha, amekutana nacho. Vijana wengi wanatuonyesha kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu, wakidhani ndilo. Tunawaeleza kwa upole.

Sampuli hizohizo zitatafutwa pia virusi vya jamii ya Lassa na vya hanta. Hanta ya kwanza ya panya wa Afrika ilitangazwa mwaka 2006 kutoka Guinea, karibu na Sangassou, kwa panya wa miti. Hivi havingoji kisu. Panya anakojoa sakafuni usiku, mkojo unakauka, na vumbi linavutwa na pumzi. Hapa wasichana hufagia gizani, kabla jogoo hajamaliza, sakafu kavu, mlango umefungwa kwa sababu ya mbu. Nimesikia vyelewa kila alfajiri tangu tufike. Kunyunyiza maji kabla ya kufagia ni kitu cha sekunde chache, na gunia la mchele likiinuliwa juu ya uchaga, panya hana sababu ya kulala chini yake.

Jumatatu, barazani tena

Tulirudi kwa wananchi na tulichoona, kabla ya kumpelekea mtu mwingine yeyote. Mama wa kitambaa cha buluu ndiye aliyeongoza sehemu ya jikoni, mimi nilikaa. Alionyesha kwa mikono, majani, majivu, kisu kwenye moto, na wanawake walibishana naye kwa undani ambao hakuna semina ingefikia. Mmoja alisema jani huteleza kwenye mafuta ya panya buku. Mwingine akasema lipashwe moto kwanza, lilainike. Wakakubaliana.

Kwa wavulana mambo yalikuwa magumu zaidi. Kumwacha kindi mlegevu ni kuacha nyama. Baba mmoja, mwindaji, ndiye aliyewashinda: alisimulia kwamba zamani wazee hawakuwa wanakula mnyama aliyekufa bila kuonekana kilichomuua, na kwamba njaa ndiyo iliyofuta desturi ile. Alisema anaomba irudi. Wavulana walitazamana. Sina hakika wote wamekubali, na mwenye tumbo tupu simlaumu. Chifu aliahidi kwamba mtoto atakayeleta habari ya kindi au panya waliokufa wengi mahali pamoja atapewa yai. Hilo liliwaamsha.

Karatasi ya msalaba mwekundu IT ameibandua mwenyewe.

Jumanne, Kibombo mjini

Sampuli zimeingia kwenye tangi la naitrojeni, zinaanza safari ya Kindu na Kinshasa, INRB. Majibu yatachukua miezi. Mtoto wa miaka sita vipele vinaanza kukauka. IT ametuma neno kwa pikipiki.

Redio ya jamii ilituomba tangazo. Rasimu ya kwanza, iliyoandikwa na ofisi, ilianza na "Msile". Tuliifuta, tukaandika upya kwa Kiswahili cha hapa, na tukalielekeza kwa wenye mikono kwenye damu: wasichana wanaochuna, wavulana wanaotega, mama anayewapangia kazi. Usimwokote mnyama aliyekufa au asiyekimbia. Mwenye kidonda asichune. Shika kwa jani, nawa kwa sabuni au majivu, kisu kipite motoni. Mwaga maji kabla ya kufagia. Ukiona vipele na tezi, nenda kituoni siku hiyohiyo, nenda na chakula.

Mtangazaji alitaka kulisoma saa mbili usiku baada ya habari, wanaume wanapokaa na redio. Reko aliyefuatana nasi alikataa. Wakavutana kidogo kuhusu betri na ratiba, kisha wakaafikiana: litasomwa saa kumi jioni, watoto wanaporudi na mitego, na tena saa kumi na moja alfajiri, kabla ya fagio.